Mwanafunzi Ugenini na Mafunzo Yasiyo Vitabuni

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kuwa mgeni huonekana upesi kati ya wenyeji, na kila alitendalo hutazamwa. Methali hii waliielewa barabara vijana wa Kenya waliokwenda Marekani kutafuta elimu ya juu tangu mwaka 1959 hadi 1963.

SABABU YA SAFARI
Siku zile Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili, na nafasi za Makerere, huko Uganda, zilikuwa chache mno. Kwa hiyo Bwana Tom Mboya, akisaidiana na Dk. Julius Kiano, Bwana Kariuki Njiiri na marafiki wa Marekani, alitengeneza mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwa ndege. Kundi la kwanza, wanafunzi 81, lilifika New York mwezi wa Septemba, 1959. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na wengine wengi wakafuata.

Fedha za matumizi aghalabu zilichangwa na wazazi na majirani. Wako waliouza mifugo. Basi mwanafunzi hakubeba sanduku lake tu, bali alibeba na tumaini la watu wa kwao.

JUA NA SAA
Kenya iko kwenye ikweta, na mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima. Ndiyo sababu Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko. Kule kaskazini hesabu hiyo humpotosha mtu. Katika jimbo la Kansas, mwezi wa Desemba jua huchwa karibu saa kumi na moja jioni, na mwezi wa Juni huchwa karibu saa tatu ya usiku.

Kabla ya baridi kuanza, majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na nyekundu, kisha hupukutika yote. Mgeni huweza kudhani kwamba miti imekufa. Sivyo, mti huyaangusha majani yake ili usipoteze maji wakati ardhi imeganda.

DARASANI NA KAZINI
Katika shule za sekondari za Kenya, mtihani wa Cambridge wa mwisho ndio ulioamua mambo. Katika vyuo vya Marekani majaribio yalikuja mara kwa mara, na alama zote zikajumlishwa. Aliyengojea siku za mwisho ndipo afungue kitabu aliachwa nyuma. Tena walimu walipenda mwanafunzi aulize, hata apinge kwa hoja. Kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa aliona jambo hilo kuwa ni utovu wa adabu, mpaka alipozoea.

Baada ya masomo, wengi walitafuta kazi ndogo ndogo: kuosha vyombo, kufagia, kupanga vitabu maktabani. Mtu aliyesifiwa kwao kuwa msomi alijikuta ameshika ufagio. Wenye busara hawakuona haya, kwa kuwa kazi ile ndiyo iliyowanunulia makoti mazito na stempu za barua za nyumbani.

UBAGUZI WA RANGI
Marehemu Wangari Maathai alisafiri mwaka 1960. Akiwa katika basi kutoka New York kwenda Kansas, yeye na wenzake walishuka katika jimbo la Indiana kununua vinywaji. Wakaambiwa kwamba hawawezi kuketi ndani ya mkahawa ule kwa sababu ya rangi yao. Indiana si jimbo la kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Hapo ulikuwa desturi. Sheria ya kuukataza mikahawani nchini kote ilitiwa sahihi mwezi wa Julai, 1964.

Lakini katika mji wa Atchison, masista wa Mount St. Scholastica na wanafunzi wenzake walimpokea kwa wema. Hivyo nchi ile ile iliyomfungia mlango mmoja ilimfungulia mwingine. Mwanafunzi alipaswa kuyajua yote mawili: asiukubali uonevu, wala asiwahesabu watu wote kuwa waonevu.

MATUNDA YAKE
Bibi Wangari alipata shahada ya biolojia mwaka 1964, akaendelea na masomo huko Pittsburgh, na mwaka 1966 akarudi Kenya. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya kutunza miti, haki na demokrasia.

Hata leo vijana huondoka kwenda kusoma mbali, na safari imekuwa nyepesi kuliko zamani. Lakini baridi haijabadilika, wala upweke. Anayejiandaa na ajiulize mambo matatu. Je, yu tayari kusoma kila siku bila kusukumwa? Je, ataweza kufanya kazi yoyote ya halali bila kuona haya? Na je, atawakumbuka waliomchangia? Atakayejibu ndiyo kwa moyo mweupe amekwisha kuanza masomo yake kabla ya kupanda ndege.