Nondo Nyuma ya Jiko: Athi Kwenye Mchanga wa Mbamba Bay

Mama mdogo wangu anauza usipa na mbasa Mbamba Bay. Jioni moja alinipigia simu: "Mwanangu, friji linanipiga shoti nikiwa peku." Nyumba ile nilimjengea mimi, na wayaringi yake niliisimamia kwa simu kutoka Mbinga. Nikamwambia azime meini swichi na asiliguse tena friji. Asubuhi nikashuka.

Safari hii nilikwenda na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na leseni yenyewe niliiomba nikaisoma. Anza hapo na wewe. Leseni zina madaraja, kwa hiyo angalia kama daraja lake linamruhusu kufanya kazi yako, na kama jina lililoandikwa ni la huyo anayeingia nyumbani kwako. Mara ya kwanza nililetewa fomu ya maombi ya umeme ikiwa imeshagongwa muhuri wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja kile. Nikafurahi kwamba mambo yamekwenda haraka. Najuta mpaka leo.

Mkandarasi alifungua bodi, akaufuata waya wa kijani na njano, yaani wa athi, hadi nyuma ya jiko. Huko ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha nondo kilichochomekwa mchangani. Alikipima kwanza: omu 410. Kisha akakishika kwa mkono mmoja, akakichomoa. Hakikufika hata futi mbili, na mchanga uliodondoka kwenye ncha yake ulikuwa mkavu kama unga.

Umeme ukivuja na kuingia kwenye chuma cha friji, athi inatakiwa iupe njia nyepesi ya kwenda ardhini ili breka ikate. Sasa gawanya volti 230 kwa omu 410: unapata kama nusu ampea. Breka ya soketi zile ilikuwa ya ampea 20, na nusu ampea haiishtui kamwe. Friji linabaki na umeme mwilini, na anayekuja kulishika ni mama mwenye miguu mitupu na mikono iliyolowa maji ya samaki.

Zamani kosa hili lilijificha. Umeme wa Songea na Mbinga ulitegemea sana jenereta za dizeli, na nyumba nyingi zilikuwa na taa mbili tatu na redio. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na tangu hapo watu wananunua friji, pasi, majagi na pampu za maji. Vyombo hivyo vya chuma vyote vinaidai athi.

Tulinunua rodi 3 za shaba, kila moja mita 1.5. Hatukuzipiga nyuma ya jiko. Tulizipeleka kwenye migomba, maji ya bafuni yanakoishia na udongo haukauki, tukaziachanisha zaidi ya urefu wa rodi moja, kisha zikaunganishwa. Kipimo kikashuka hadi omu 38. Kwangu Mbinga, kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, rodi moja tu ilitoa omu 12. Ndiyo maana fundi aliyezoea milimani akija ziwani lazima apime upya, hata kama ana uzoefu wa miaka 20.

Lakini hata omu 38 zinatoa ampea 6 tu, na breka ya 20 bado haitakata. Hapa ndipo RCD ya miliampea 30 inapookoa mtu: inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ndogo tu ikitokea, inakata. Tulipoifunga na kuchomeka friji, ikakata papo hapo. Friji likaenda kwa fundi wake, na kompresa ndiyo iliyokutwa inavuja. Kwa nyumba ya mchangani RCD si anasa. Punguza gharama kwenye marumaru, si hapa. Na kile kitufe chake cha majaribio kibonyeze mara kwa mara. Kisipokata, mwite fundi.

Kama bado unajenga, usiruhusu plasta kabla hujapita boksi kwa boksi ukauona waya wa kijani na njano kwenye kila soketi, na kwenye taa pia. Piga picha kila ukuta. Taa zipewe nyaya za milimita 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme liwe na waya wake mnene kutoka kwenye bodi.

Mwisho, jenga kiboksi kidogo cha zege chenye mfuniko juu ya rodi ili kiungo chake kifikiwe, kisha mwambie mkandarasi arudi kupima Oktoba. Kipimo cha Machi, mvua zikiwa zimelowesha mchanga wote, kitakudanganya.