Kwa mshauri nasaha utarajie nini?

Wengi wanaofika kwangu hapa Kisauni hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika saa tisa za usiku. Mama mmoja wa Likoni (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane) alikuwa amepimwa damu, mkojo na moyo mara nne, na kila jibu lilikuwa sawa. Nilipomuuliza maumivu yalianza lini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tangu mume wangu afe maji, daktari." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilipomtaja mshauri nasaha, alikasirika: "Kwani mimi nna wazimu?"

Hofu hiyo naielewa. Kwa wengi wetu, matibabu ya akili ni wodi ya Port Reitz kule Changamwe, basi. Lakini wodi ni ya walio mahututi. Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi bandarini au anayegombana nyumbani kila siku huenda kwa mshauri kwa miguu yake na kurudi kwake jioni.

Tena, ndugu msomaji, neno "nasaha" lenyewe linatupotosha. Nyumbani, nasaha ni mzee kukukalisha mkekani akuambie la kufanya. Mshauri aliyesomea kazi hii hafanyi hivyo, na wengi huvunjika moyo siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Carl Rogers, aliyeiandikia kitabu mwaka 1951. Yeye alipendelea kumwita anayekuja "mteja" badala ya mgonjwa, akishikilia kwamba mwenye shida ndiye aijuaye zaidi. Kazi ya mshauri ni kusikiliza kwa makini, asikuhukumu, wala asijifanye.

Kikao huchukua kama dakika 50, mara nyingi mara moja kwa wiki. Siku ya kwanza mtapatana: malipo, idadi ya vikao, na wewe wataka nini kibadilike. Utaambiwa pia kwamba siri yako haitoki, isipokuwa kama maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeamuru. Asipokueleza hayo, muulize. Muulize pia kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014.

Swali usilotaka kulijibu, usilijibu. Kimya kikiingia chumbani kiache kikae. Na usishangae ukitoka na moyo mzito kuliko ulivyoingia. Wiki za kwanza huwa hivyo kwa wengi, maana kidonda kimefunuliwa. Lakini vikao vitano sita vikipita bila nafuu yoyote, mwambie usoni. Mshauri mzuri hatanuna. Mtabadilisha njia, au atakuelekeza kwa mwenzake.

Mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi, ambapo akina nyanya waliofunzwa huketi nje ya zahanati na wenye shida. Mwenye shida hutaja matatizo yake yote, huchagua moja mwenyewe, na pamoja hutafuta hatua ndogo ya kulianza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopitia mpango huo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mimi huupenda mfano huu kwa sababu hauhitaji kochi wala zulia.

Mazungumzo pekee hayatoshi kwa kila mtu. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyekesha siku kadhaa akizungumza bila kutua, anahitaji daktari na dawa. Anayefikiria kujiua asingoje siku ya miadi, aende hospitali leo hii. Zamani wengi walificha kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Na wewe jamaa, ukishuku, muulize waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo.

Yule mama alikwenda hatimaye. Kikao cha kwanza alilia tu, mshauri akaketi naye. Cha tatu alisema anachotaka ni kuweza kupanda feri tena kwenda sokoni Kongowea. Walianza kwa kufika kivukoni, kusimama, na kurudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu alinijia kwa kikohozi cha mwanawe, na bahasha ya majibu hakuileta.