SOMO LA 9: MIKARATUSI INAYOKAUKA KUANZIA JUU

Kandokando ya barabara itokayo Omurushaka kwenda Nkwenda na Murongo utaona mikaratusi. Asili ya mti huu ni Australia. Watu huupanda kwa sababu hukua upesi na hutoa kuni, nguzo na mbao.

Wakati mwingine mkaratusi huanza kukauka kwenye ncha za matawi ya juu. Kisha ukavu hushuka polepole kuelekea shina. Mkulima akiogopa na kukata miti yote, hupoteza mali yake. Asipojali, huenda hasara ikaongezeka. Ili aamue vema, inampasa ajue ni miti mingapi inayougua na kama hali inazidi kuwa mbaya. Katika somo hili utajifunza kupima na kuandika hali hiyo.

Mambo yanayokausha mikaratusi

Ukame, mchwa na kuvu huweza kukausha mti. Wako pia wadudu. Mmoja wao ni nyigu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Wataalamu humwita Leptocybe invasa. Yeye naye asili yake ni Australia. Alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2005. Nyigu jike hutaga mayai ndani ya kikonyo na mshipa mkuu wa jani changa. Mahali hapo huvimba na kufanya vinundu. Majani hujikunja, na machipukizi hudumaa. Wanaodhurika zaidi ni miche, miti michanga na machipukizi ya visiki.

Usidanganyike

Matawi ya chini ya mkaratusi hufa kwa kukosa mwanga. Hilo ni jambo la kawaida. Magome ya mikaratusi mingi hubanduka yenyewe; huo pia si ugonjwa. Kwa hiyo tazama matawi ya juu tu.

Jambo la kufanya

Vifaa: daftari, penseli, rangi na kamba.

1. Pamoja na mwalimu wako, omba ruhusa ya mwenye shamba. Usisimame chini ya matawi makavu, wala usiende shambani wakati wa upepo mkali.

2. Anzia mwanzo wa mstari. Chagua kila mti wa tano mpaka upate miti 10. Usichague miti kwa kupenda. Ukichagua iliyokauka tu, utadhani shamba zima linaugua.

3. Ipe miti hiyo namba 1 hadi 10. Andika namba kwa rangi, au kwenye kibao kilichofungwa kwa kamba isiyokaza. Usipigilie msumari.

4. Simama mbali kiasi cha kuona kilele. Wewe na mwenzako tazameni mti mmoja, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe majibu. Mkitofautiana, tazameni tena.

5. Toa alama hivi:

0 – Hakuna ncha iliyokauka.
1 – Sehemu iliyokauka ni chini ya robo.
2 – Ni robo au zaidi, lakini chini ya nusu.
3 – Ni nusu au zaidi, lakini mti ungali hai.
4 – Mti wote umekufa.

6. Andika tarehe, namba ya mti, alama na dalili ulizoona, kama vile vinundu au njia za mchwa. Usiandike chanzo cha ugonjwa kwa kubahatisha.

7. Rudi mwaka unaofuata, mwezi uleule, kwenye miti ileile. Ukipima wakati wa mvua kisha wakati wa kiangazi, huenda tofauti ikaletwa na majira tu. Mti uliokatwa uandikie herufi K. Usiupe alama 4, wala usichague mwingine badala yake.

Mfano

Tuseme wanafunzi walipata alama hizi:

Namba ya mti: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10
Machi, mwaka wa kwanza: 0, 0, 1, 1, 0, 2, 0, 1, 3, 0
Machi, mwaka wa pili: 0, 1, 1, 2, 0, 3, 1, 1, 4, 1

Jumla ya mwaka wa kwanza ni 8, na ya mwaka wa pili ni 14. Miti isiyo na ncha kavu ilikuwa 5. Sasa imebaki 2. Mtu apitaye njiani angeona mti mmoja tu uliokufa, yaani namba 9. Daftari linaonyesha kwamba miti mingine mitano nayo imezidi kukauka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mpe mwenye shamba nakala ya maandishi yako, ili ampelekee afisa misitu wa wilaya. Afisa huyo aweza kuomba msaada wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, yenye makao makuu Morogoro.

Maswali

1. Kwa nini hatuhesabu matawi makavu ya chini?
2. Kwa nini mti uliokatwa haupewi alama 4?
3. Tafuta wastani wa alama za kila mwaka katika mfano.
4. Ni miti ipi ambayo alama zake hazikubadilika?
5. Jirani yako ataka kukata mikaratusi yake yote kwa kuwa mmoja umekauka. Utamshauri afanye nini kwanza?