Utepe Uliong'aa Kama Shati la Shule

Mwandishi wa makala haya aliahidi hatua tano za kutambua utepe halisi wa nishani ya Kijerumani. Zitafika mbili, labda mbili na nusu, maana utepe mmoja tu ulimgombanisha na watu wa Makoroboi, hapa Mwanza, wiki nzima.

Nishani yenyewe ilikuwa Msalaba wa Chuma wa daraja la pili, wenye herufi W, taji na mwaka 1914. Kijana aliitoa kwenye kopo la Africafe. "Kaka, hii ya babu yangu, alikuwa askari wa Mjerumani." Babu wa namna hiyo wapo wengi sana sokoni. Lakini utepe ulikuwa mweusi wenye mistari miwili myeupe, ndio wa mpiganaji. Ule mweupe wenye mistari myeusi ulikuwa wa wasio wapiganaji. Ukikuta mwekundu mpana katikati, na mweupe na mweusi pembeni, huo ni wa msalaba wa 1939, enzi za Hitler. Wapo wauzaji wa mtandaoni, mafundi wa kupiga picha juu ya mahameli, wanaouvalisha msalaba wa 1914 utepe huo bila haya. Hatua ya kwanza imeisha.

Ya pili ni taa. Mawakala wa pesa wanayo: ile ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Nyuzi nyingi za kisasa hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka buluu chini ya mwanga huo. Kitambaa cha Vita Kuu ya Kwanza hakikuwa nayo. Mwandishi akaazima taa kwa jirani yake wakala, akafunga mlango, akamulika.

Mistari ile myeupe iliwaka kama shati la mtoto wa shule Jumatatu asubuhi.

Alirudi Makoroboi amevimba. Maneno aliyomwambia yule kijana hayafai kuandikwa hapa. Kijana hakujibu, alimpigia mama yake simu, akaiweka sauti kubwa. "Mwanangu, kilikuwa kinanuka kopo. Nikakiloweka kwenye sabuni ya unga, nikakianika."

Hapo ndipo ilipolala hila ambayo vitabu vya wakusanyaji huipitia haraka: sabuni nyingi za unga zina kemikali ileile. Utepe wa miaka mia ukifuliwa mara moja tu, taa itausingizia kuwa ulitoka kiwandani juzi. Usiowaka ni dalili njema. Unaowaka haujahukumiwa bado.

Basi geuza utepe, tafuta ncha iliyokatwa, vuta uzi mmoja kwa sindano. Mmoja tu. Ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, uguse na moto. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa punje nyeusi ngumu isiyosagika kwa vidole. Nyuzi hizo zilibuniwa Uingereza mwaka 1941, kwa hiyo punje hiyo haiwezi kuwa ya 1914. Uzi wa Makoroboi uliacha jivu.

Jivu peke yake halitoshi, kwani pamba inafumwa hata leo. Mwandishi akafungua mkunjo. Mahali pete ya msalaba ilipokaa palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, upana wa pete ileile, na weusi wa kitambaa humo ndani ulikuwa mzito kuliko nje kulikopauka. Anayezeesha utepe kwa maji ya chai hupata rangi moja, ndani na nje.

Mji huu una mazoea ya ushahidi wa namna hiyo. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai, ofisi ya muda ilifunguliwa hapa Mwanza na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa na kamanda wao, Lettow-Vorbeck, mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na kitambaa anaweza kukiokota yeyote. Mtu wa benki akampa kila mzee ufagio, akaamrisha gwaride la bunduki kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Utepe hauna gwaride. Kama ulikuwa wa babu yule kweli, au wa Mjerumani aliyeutupa Waingereza walipoitwaa Mwanza Julai 1916, jivu halisemi.

Mwandishi alirudi Makoroboi na soda mbili za baridi kuomba radhi. Kijana akanywa ya kwake, akafungua kopo tena, akatoa kifungo cha sare chenye uzi bado umening'inia, na bei mara mbili ya ile ya msalaba.

"Hii," akasema, "mama hajaifua."