Saa ya Kompyuta na Kosa Langu

Wengi huniuliza kompyuta yahitaji saa ya nini, nasi saa tunayo ukutani. Saa hii haisemi wakati. Kazi yake ni kama ya mpiga ngoma wa gwaride: kila dundo moja, wote hupiga hatua moja. Mpiga ngoma akikosea, gwaride zima huharibika.

Mwaka jana mwenzangu nami tulianza kuunda kompyuta ndogo juu ya ubao wa matundu. Yeye alishika kihesabio, mimi nikashika saa.

Nilitumia chipu iitwayo 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971. Ina miguu 8. Umeme wa volti 5 huingia mguu wa 8, na kurudi kwa mguu wa 1. Kati ya mguu wa 8 na wa 7 tia rezista ya omu 1,000. Kati ya wa 7 na wa 6, ya omu 68,000. Unganisha wa 6 na wa 2 kwa waya, kisha toka wa 2 mpaka wa 1 tia kapasita ya mikrofaradi 10, upande wake wa hasi ukiwa kwenye mguu wa 1. Mguu wa 4 uunganishe na wa 8. Ukiachwa ukining'inia, saa yaweza kusimama ovyo. Mapigo hutoka mguu wa 3. Funga hapo rezista ya omu 330 na taa ndogo, hadi mguu wa 1.

Kapasita ni kama mtungi. Umeme huingia polepole. Ukifika theluthi mbili ya volti zote, chipu huzibua tundu la chini. Ukishuka hadi theluthi moja, huliziba. Basi taa huwaka na kuzimika, karibu mara moja kila sekunde.

Kisha nikatia kitufe, ili tuiendeshe kompyuta hatua moja moja kwa mkono. Hapo ndipo matata yalipoanza. Nilibonyeza mara moja, kihesabio kikaruka toka 3 hadi 6. Nikamwambia mwenzangu, "Nyaya zako mbovu." Akazing'oa zote, akazipanga upya. Mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu akasema heri aiache kazi.

Mwalimu wetu akauliza neno moja tu: "Je, kitufe mmekipima?" Tulipokiondoa na kuirudisha saa, kihesabio kilihesabu barabara: 1, 2, 3. Kosa lilikuwa langu. Vyuma vya kitufe vinapogusana hurukaruka kidogo. Jicho halioni, lakini kihesabio huhesabu kila mruko.

Dawa yake ni 555 ya pili, iliyofungwa itoe pigo moja tu kila inapoguswa. Rezista ya omu 1,000,000 na kapasita ya mikrofaradi 0.47 hutoa pigo la karibu nusu sekunde, na miruko yote humezwa humo. Ila bonyeza na kuachia upesi, kabla pigo halijakwisha.

Nilimwomba mwenzangu radhi, naye akarudi kazini. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Basi nawe, ndugu msomaji, kabla hujazing'oa nyaya za mwenzio, pima kwanza zako.