Jina Lako Limo Daftarini? Mwongozo kwa Wenye Hisa za Ardhi

Malili iko kando ya Barabara ya Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Mwaka 2009 serikali ilinunua hapo ekari 5,000 za Malili Ranch Limited, kampuni yenye wanahisa wengi, kwa shilingi bilioni 1, ili ijenge mji wa teknolojia wa Konza. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi Januari 2013. Ukigawanya bei hiyo ya ununuzi, kila ekari ilipata shilingi 200,000. Hesabu hiyo haimshindi mtu. Kilichozua ugomvi uliofika hadi mahakamani ni mgao: nani alistahili kulipwa, na orodha ya wanahisa ilikuwa mikononi mwa nani.

Ukambani kuna familia nyingi zenye cheti cha hisa kilichokunjwa ndani ya sanduku tangu enzi za kununua mashamba ya walowezi kwa kuchangishana. Cheti ni ushahidi mzuri, lakini kisheria mwanahisa ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la wanachama wa kampuni. Kwa hiyo anza hapo. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inampa mwanachama haki ya kulikagua daftari hilo bila malipo. Omba kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha linganisha na rekodi za serikali: kupitia eCitizen unaweza kuagiza hati iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa waliosajiliwa. Majina yakihitilafiana, usingoje mkutano. Andika malalamiko mapema, kwa sababu ardhi ikishauzwa na pesa zikishalipwa, kuzirudisha ni kazi ya miaka.

Wengine wamelipia somo hili kwa bei kubwa kuliko sisi. Urusi ilipoacha ukomunisti, mwaka 1992 iliwagawia raia vocha za kununulia hisa za viwanda vya umma. Kila mtu akawa mwenye mali, kwa karatasi. Lakini madaftari mengi yalibaki mikononi mwa mameneja wa viwanda vyenyewe. Mwaka 1994, katika kiwanda cha aluminiamu cha Krasnoyarsk, wawekezaji wakubwa waliamka wakakuta hisa zao zimefutwa daftarini. Ikiwa matajiri wenye mawakili walifutwa hivyo, mfanyakazi mwenye vocha moja angejitetea vipi?

Tanzania, ilipotoka kwenye Ujamaa, ilitumia soko la hisa. Benki ya NMB ilitokana na kugawanywa kwa benki ya umma ya NBC mwaka 1997, na hisa zake zikaanza kuuzwa Dar es Salaam mwaka 2008. Katika soko kama hilo, rekodi ya wanahisa hutunzwa na chombo kingine, si mkurugenzi wala mpwa wake. Nchini Kenya pia, rekodi za hisa za kampuni za soko la Nairobi ziko CDSC, hifadhi kuu ya hisa. Kampuni ya shamba haina ulinzi huo. Daftari lake huenda liko kwenye droo ya katibu, na hilo ndilo tatizo kubwa kuliko yote yanayopigiwa kelele kwenye mikutano.

Tukija kwenye mkutano wenyewe: uliza kwanza hesabu zilizokaguliwa, wala usikubali kusomewa jumla tu. Kura ya kuinua mikono humhesabu kila mtu mmoja, lakini kura rasmi huhesabu hisa. Wachache wenye hisa nyingi wanaweza kuwashinda mia mliojaa ukumbini, na katika ushirika mambo ni tofauti kabisa, kwani huko kila mwanachama ana kura moja. Jua mapema chama chenu ni kampuni au ushirika. Usipoweza kuhudhuria, mteue mwakilishi kwa maandishi.

Mkurugenzi akitaka kununua mali kubwa ya kampuni, au kuiuzia kampuni mali yake, wanahisa wanapaswa kuidhinisha kwanza. Akiwa na maslahi katika mkataba wowote, lazima atangaze. Wanahisa wanaweza kumwondoa kwa kura ya wengi, baada ya notisi maalum ya siku 28. Na wakurugenzi wakiidhulumu kampuni na wenyewe wakakataa kushtaki, mwanahisa anaweza kuiomba Mahakama Kuu ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya kampuni.

Wengi hukwama kwenye mirathi. Mzee akifariki, mtoto hubeba cheti hadi ofisini akitaka kubadilishiwa jina, naye huambiwa arudi kesho. Cheti pekee hakitoshi. Familia iende kortini kwanza, ipate hati ya usimamizi wa mirathi na ithibitishwe, ndipo msimamizi aipeleke kwa kampuni jina libadilishwe daftarini. Ifanyeni hiyo kazi sasa, kabla mnunuzi hajaanza kuulizia shamba.