Hati ya Madaha na Irabu Saba: Suala la Fonti katika Lugha za Mara

Makala haya yanachunguza jambo ambalo wanaisimu wengi huwaachia wachapaji, yaani sura ya herufi. Fonti za hati ya kuunganisha, mathalani Edwardian Script iliyosanifiwa na Edward Benguiat mwaka 1994, huiga mwandiko wa kalamu: herufi huinama na kushikana, na herufi kubwa hutupa mikia mirefu. Zinafaa maneno machache yenye heshima, kama vile majina ya maharusi kwenye kadi za mwaliko, vyeti na majalada. Aya nzima humchosha msomaji, na neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa za namna hiyo halisomeki.

Kiswahili, chenye irabu tano, hakipati taabu, isipokuwa katika ng', ambapo kibainishi hukatiza mwendo wa kalamu. Kijita na Kikwaya, vinavyozungumzwa kandokando ya Musoma, vina irabu tano vilevile. Hali hubadilika tukifika kwa Wazanaki wa Butiama na Waikizu wa Bunda, ambao lugha zao zina irabu saba. Othografia ya Kiikizu hutumia ɨ na ʉ, yaani i na u zenye mstari wa kukata, ili kutofautisha irabu ambazo alfabeti ya Kiswahili haina budi kuzichanganya.

Hapa ndipo penye utata. Mstari huo hukata herufi katikati ya kimo chake, mahali palepale panapopita mkono unaoiunganisha na herufi inayofuata. Katika hati iliyoinama, ɨ huweza kudhaniwa kuwa t fupi. Aidha, fonti nyingi za aina hii hazina herufi hizo kabisa. Hata Ʉ kubwa iliingizwa katika Unicode mwaka 2006 tu. Herufi ikikosekana, kompyuta huiazima kutoka fonti nyingine, na neno hupasuka katikati. Au mchapaji wa steshenari huweka i ya kawaida, na irabu moja ya lugha hupotea kimyakimya. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani.

Fonti ya Andika, ambayo jina lake ni Kiswahili chetu, inazo herufi hizo zote. Hata hivyo, ilisanifiwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, si kwa kupamba. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili huvikwa vazi la sherehe, ilhali Kiikizu hubaki na sare ya shule.

Tunapendekeza mstari ufupishwe, uteremshwe kidogo, na uunganishaji uachwe pande zote mbili za ɨ. Pasipo fonti ya namna hiyo, msanifu wa jalada anaweza kuligeuza neno kuwa mchoro na kuuchora mstari mwenyewe. Kabla ya kuchapa, neno lenye ɨ iliyo jirani na t asomeshwe mzungumzaji wa lugha ambaye hakushiriki kuliandika.